Mchana Wanne, Usiku Mmoja

Swali la kumi na nne la fomu lilisema: "Ni watu wazima wangapi wanaoitumia nyumba hii kwa kawaida?" Chini yake palikuwa na kisanduku kidogo cha kutosha tarakimu moja, tena tarakimu iliyokonda. Hilda Raistrick alivaa miwani, akalamba ncha ya kalamu kama alivyozoea alipokuwa akiandika orodha za viazi, akajibu: "Mchana wanne, usiku mmoja." Maneno yakafurika nje ya kisanduku. Akaona kwa kuwa ameshachafua ukingo wa karatasi, amalizie kabisa: "Na paka."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wahenga hao hawakuwahi kupokea fomu ya Halmashauri ya Marbeck.

Alichoandika Hilda kilikuwa kweli tupu, na balaa lilianzia hapo. Watu wa mjini bondeni wanajua kwamba fomu haitaki ukweli, inataka namba. Lakini watu wa Skelgarth, kule juu kwenye milima ya kondoo na upepo, wana ugonjwa wao wa tangu enzi: wakiulizwa, wanajibu.

Hilda alikuwa na miaka sabini na tatu. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpishi wa shule ya msingi bondeni, na nusu ya watu wazima wa wilaya ile, wakiwemo polisi wawili na kasisi mmoja, waliwahi kuamriwa naye wamalize njegere zao. Mumewe Clifford alipofariki alimwachia nyumba ya mawe yenye vyumba viwili chini na viwili juu, bomba la moshi linalovuta kuliko yote katika Safu ya Juu, kimtaa chao, na pensheni ambayo ukiitazama haraka haraka utadhani ni namba ya basi.

Kodi ya halmashauri haijui pensheni yako. Inaijua nyumba, na hata hiyo nyumba haiijui ilivyo leo. Inakadiria ingeuzwa bei gani mwaka 1991, wakati paa la Hilda lilikuwa halivuji na Clifford alikuwa bado anapiga mluzi bafuni. Hata hivyo sheria hiyo hiyo ina huruma zake. Anayeishi peke yake husamehewa robo ya kodi, na mzee wa kipato kidogo husamehewa karibu yote yanayobaki. Hilda alikuwa akipata huruma zote mbili, na kilichookolewa huko kilikwenda kwenye makaa ya mawe, kwa sababu bomba la gesi halijawahi kupata nguvu za kupanda kilima kile. Siku hizi ni makaa yasiyo na moshi, kwa amri ya serikali, na yasiyo na joto la maana, kwa ushahidi wa jirani yake Norris.

Kuna pia fedha ya baridi. Serikali humpa maskini pauni ishirini na tano kila wastani wa joto wa siku saba mfululizo unapoangukia sifuri au chini yake. Masharti ni mepesi, ila kipimajoto kinachohesabiwa si cha kwako. Cha Skelgarth kimewekwa kwenye kiwanja cha ndege huko chini kabisa, maili kumi na nane, mahali ambapo Februari watu huonekana wakila aiskrimu bila aibu. Majira ya baridi yaliyotangulia mabomba ya Norris yaliganda siku kumi na moja. Siku ya saba, huko kiwanjani, jua likachungulia mchana kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, wastani ukapanda nusu nyuzi, na zile pauni ishirini na tano zikayeyuka kabla ya kitu kingine chochote kuyeyuka.

"Lilikuwa limepotea njia," alisema Norris kuhusu lile jua. "Likauliza, likaelekezwa, likaondoka."

Basi Safu ya Juu ikaamua kuwasha moto mmoja. Hakuna aliyeitisha kikao. Norris Alderson, mfugaji kondoo mstaafu, mwenye kifua kinacholia kama mlango wa zizi, alikuja asubuhi moja kuomba maji ya chai, akaketi, na ukitaka kusema kweli hajaondoka hadi leo. Baada yake wakaja kina Capstick, Enid na Beryl, dada wawili wenye miaka themanini na ushei ambao wanaishi nyumba mbili zilizotazamana na hawajasemezana tangu harusi ya mtu mwingine mwaka 1968. Kila mmoja alikuja kivyake, na ndoo yake ya makaa, akachukua upande wake wa meko. Utaratibu ukajipanga wenyewe. Ukija, uje na ndoo. Buti unavua mlangoni, unavaa sapatu zako. Kikombe chako kiko kwenye ndoano yako. Saa tatu usiku Hilda anakujazia mpira wa maji ya moto, unaukumbatia chini ya koti hadi kitandani kwako. Nyumba nne, moto mmoja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Norris alikuwa katika majira yake ya tatu ya baridi, na koleo la makaa alishakabidhiwa zamani.

Wiki mbili baada ya fomu kupelekwa, mlango uligongwa. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na sita, koti jembamba la mjini, viatu vya kumwaibisha mamake katika theluji ile, na kishikwambi amekibana kwapani.

"Bi Raistrick? Naitwa Lyndon Sugden. Natoka halmashauri, kitengo cha uhakiki wa mapunguzo."

"Futa miguu. Na ufunge mlango, mwanangu, unaipasha moto barabara."

Bwana Sugden alifuta miguu. Alipoinamisha kichwa akaona buti, jozi nne. Akaona ndoo tatu zisizofanana. Alipofika sebuleni akakuta suruali ndefu za ndani za mwanamume zimetandazwa mbele ya meko kama bendera ya nchi iliyoshindwa vita, na vikongwe wawili wakifuma soksi pande mbili za moto, mmoja ya kushoto, mwingine ya kulia, kwa sufu ya rangi ileile, bila kutazamana. Akaomba kuona bafu. Akakaa huko muda mrefu kuliko mtu mwenye haja.

"Bi Raistrick," akaita, "huu wembe ni wa nani?"

"Wa Norris."

"Na haya meno kwenye bilauri?"

"Yake pia. Hayo ya akiba, mazuri anayo mdomoni."

"Kwa hiyo Bwana Alderson hunyolea hapa."

"Kwake maji yameganda. Ulitaka anyolee theluji?"

"Nilishajaribu, kijana!" Norris akapaza sauti kutoka sebuleni. "Inachubua!"

Bwana Sugden alirudi sebuleni akiandika. "Na chakula anakula hapa?"

"Anakula. Ukimtazama huwezi kuamini, lakini anakula."

"Na… kulala?"

Beryl akasimamisha sindano zake. Enid, ambaye hakusimamisha sindano hata kwenye mazishi ya mama yao, naye akasimamisha.

"Sikiliza, mwanangu," Hilda akasema. "Mimi nimefua hizo suruali unazoziona hapo. Hakuna mapenzi yanayoweza kupona baada ya hapo."

"Ila husinzia," akasema Norris, kwa ule ugonjwa wa Skelgarth. "Baada ya chakula cha mchana. Kwenye kiti hiki. Kama saa moja u nusu hivi, inategemea na chakula."

Hilda alimtumbulia macho, lakini kidole cha Bwana Sugden kilikuwa kimeshaanza kazi. Kijana akaandika, akashukuru, akakataa keki ya tangawizi kwa kuwa kanuni zinamkataza kupokea zawadi. Hapo ndipo Hilda alipojua mambo yameharibika. Katika miaka thelathini na moja ya kulisha watu, waliokataa keki yake wakiwa wazima hawakufika watatu, na mmoja alikuja kufungwa.

Barua ilifika Jumanne, pamoja na theluji mpya. Kwa mujibu wa ukaguzi, ilisema, halmashauri ina sababu za kuamini kwamba katika nyumba namba saba, Safu ya Juu, anaishi mtu mzima mwingine, mmoja au zaidi. Kwa hiyo mapunguzo yote yamesimamishwa kuanzia Oktoba. Na kwa kuwa Hilda alikuwa ameiruhusu halmashauri kujichukulia vijipauni vyake kutoka benki kila mwezi, ilikuwa imejichukulia. Pauni mia mbili na kumi na nne, kwa mpigo. Nyingine zingefuata mwisho wa Februari.

Zile mia mbili na kumi na nne ndizo zilikuwa makaa. Bandani palikuwa na ya siku kumi, labda kumi na mbili kama Norris angeacha kuchochea kila akikohoa. Na Februari ya Skelgarth haina siku ishirini na nane. Ina kadiri inavyojisikia.

Ndani ya bahasha hiyo hiyo, kwa ukarimu, halmashauri ilikuwa imeweka kijikaratasi cha rangi ya chungwa. Kilikuwa na picha ya wazee watano wenye meno meupe kupita umri wao, wameshika vikombe, wanacheka. Juu yake: "Baridi hii usikae peke yako! Kusanyikeni na majirani katika chumba kimoja chenye joto."

Hilda alisoma barua kwa sauti, kisha kijikaratasi. Norris akainuka, akatungua kikombe chake kwenye ndoano.

"Unakwenda wapi?"

"Kwangu. Ni wembe wangu uliokuponza."

"Norris Alderson, kaa chini. Ukilala kule mchana kutwa na kifua hicho, wiki ijayo nitakuja kukubandua kitandani kwa koleo."

"Tungeweza kuja kwa zamu," Enid akasema, akiuambia moto.

"Mwambieni huyo," Beryl akasema, naye akiuambia moto, "kwamba zamu ya kwanza ya kubaki nyumbani ni yake."

"Hakuna zamu," Hilda akasema. "Hakuna wa kubaki. Sijafanya kosa lolote na sitatembea nyumbani kwangu kwa kunyata kama mwizi wa jibini."

Siku ya pili simu ililia. Bwana Sugden, kwa sauti ya chini ya mtu anayekusaidia, alisema kuna njia nyepesi. Kuna karatasi ya marekebisho. Bi Raistrick ataje tu kwamba alikosea kujaza, kwamba watu wale hawaitumii nyumba yake kwa kawaida, na kwamba vitu vyao vimeondolewa. Atie sahihi, mambo yaishe, wengi hufanya hivyo.

"Yaani nikisema uongo mnanirudishia pesa?"

"Sikusema hivyo, Bi Raistrick."

"Hukusema. Unataka nikuandikie."

"Basi andika ni wageni."

"Mgeni ni mtu unayemfichia nguo chafu, mwanangu. Hawa ndio wanaozianua."

"Bi Raistrick, najaribu tu kukurahisishia."

"Mimi naishi juu ya kilima tangu nizaliwe. Sikuzoea kurahisishiwa. Nionyeshe pa kukata rufaa."

Rufaa ilipangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, bondeni, katika jengo kuu la Marbeck. Asubuhi hiyo bandani palikuwa na makaa ya siku tatu. Walizima meko mchana kwa mara ya kwanza tangu Novemba, wakapanda basi wote wanne, Norris katika tai yake ya mazishi, kina Capstick viti viwili mbalimbali, Hilda mbele na mkoba mapajani kama mtu anayekwenda kumrudisha samaki aliyeoza dukani.

Chumba cha rufaa kilikuwa cha moto hivi kwamba maofisa walikuwa wamekunja mikono ya mashati na madirisha yote mawili yamefunguliwa. Nje kulikuwa na nyuzi mbili chini ya sifuri.

"Mnawapasha moto njiwa?" Hilda aliuliza kabla hata ya kuketi.

Mwenyekiti, Bi Thackray, mwanamke mwembamba mwenye kalamu mbili na subira moja, alimkaribisha, akamwomba Bwana Sugden aeleze. Bwana Sugden akaeleza. Alikuwa na picha za buti. Alikuwa na picha za vikombe kwenye ndoano. Picha za suruali zilipopitishwa mezani Norris aliinua mkono kidogo, kama mtu anayetambua mchoro wake katika maonyesho.

"Bi Raistrick," mwenyekiti akasema, "unakanusha kwamba watu hawa wanaitumia nyumba yako?"

"Sikanushi. Niliandika mwenyewe. Huyu kijana hakugundua kitu, alisoma tu nilichomwambia, akapanda kilima kukipiga picha."

"Wanakuja mara ngapi?"

"Kila siku ya Mungu, Novemba hadi Machi."

"Kwa nini?"

Hilda alifungua mkoba, akatoa kile kijikaratasi cha rangi ya chungwa, akakisukuma mezani. "Kwa sababu mlisema. Ila sisi tulianza miaka miwili kabla yenu, na hatukuhitaji kuchapisha meno."

Mwenyekiti alikisoma pande zote mbili. Alimtazama Bwana Sugden. Bwana Sugden akatazama dirisha.

"Hicho ni cha idara nyingine, mheshimiwa."

"Ofisi zao ziko wapi?"

"Ghorofa ya juu yetu."

Bi Thackray aliandika kitu kwa kalamu ya kwanza. Kisha akamgeukia Norris. "Bwana Alderson, wewe unaishi wapi?"

"Namba sita."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe. Chumba kile kile. Godoro ndilo nimebadilisha, mara moja."

"Na sasa hivi unalala huko?"

"Nalala. Na kofia, na soksi mbili mbili, na mbwa. Asubuhi dirisha linakuwa na barafu kwa ndani, nzuri kweli, kama majani majani. Ingekuwa kanisani watu wangelipa kuitazama."

"Kwa nini huwashi moto kwako?"

"Kwa nini tuwashe minne tugande Januari, mama, kama tunaweza kuwasha mmoja tufike Machi?"

Mwenyekiti alibadilisha kalamu.

"Bwana Sugden. Kodi ya namba sita inalipwa na nani?"

Kijana alitafuta kwenye kishikwambi. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu kutoka chini kwenda juu, kama kipimajoto, na hicho kilikuwa cha karibu.

"Na Bwana Alderson."

"Kama nani?"

"Kama… mkazi pekee. Ana punguzo la robo."

"Ambalo mlimthibitishia lini?"

"Novemba."

"Na kina Capstick?"

"Namba tatu, mkazi pekee. Namba kumi, mkazi pekee."

"Kwa hiyo Novemba halmashauri iliridhika kwamba kila mmoja anaishi peke yake nyumbani kwake, na Januari ikaridhika kwamba wote wanaishi kwa Bi Raistrick."

"Mifumo ni miwili tofauti, mheshimiwa. Haisemezani."

"Hata hawa," Hilda akasema, akiwaelekezea Enid na Beryl kidole, "hawasemezani, lakini wakifuma, soksi zinalingana."

Mmoja wa wajumbe walioketi na mwenyekiti alikohoa ndani ya kiganja. Bi Thackray alisubiri kikohozi kiishe. Alikuwa mtu mwema, na kama watu wema wengi wenye kazi alipenda kila mtu aondoke akiwa ameacha kitu mezani.

"Bi Raistrick, naelekea kukubaliana nawe. Lakini kwa ajili ya kuepusha utata siku zijazo, ungekuwa tayari, tuseme, kuwaomba majirani wapunguze? Labda siku tatu kwa wiki. Na vitu vya binafsi vibaki makwao."

Norris alitazama viatu vyake. Hilda alijua anachofikiri. Mzee yule angekubali siku tatu, angekubali hata moja, angekwenda zake na wembe wake mfukoni ili asiwe mzigo kwa mtu, na Machi wangemkuta ameshikana na mbwa.

"Hapana," Hilda akasema.

"Ni pendekezo tu."

"Nimelisikia, na jibu ni hapana. Sipunguzi mtu, sipunguzi siku, na huo wembe utakaa pale ulipo hadi mabomba yake yayeyuke. Nimelisha watoto wa wilaya hii miaka thelathini na moja, na hakuna siku niliyomwambia mtoto aje kula mara tatu kwa wiki ili kuepusha utata. Ninyi mnataka niwe peke yangu ili mnihurumie. Mimi niko peke yangu, mama. Kitanda changu kina upande mmoja baridi mwaka wa tisa sasa, mje mpime kwa kipimajoto chenu. Lakini mchana ni wangu, na nitakaa na ninayemtaka. Mkiona hilo lina kodi, andikeni. Nitagoma kulipa, mje mnichukue, na jela nasikia kuna joto."

"Kuna joto," Beryl akathibitisha, na hakuna aliyewahi kujua alijuaje.

Wajumbe wakanong'onezana. Haikuchukua muda. Mwenyekiti akasema kwamba kuota moto kwa jirani si kuhamia kwake, kwamba mtu hawezi kuwa mkazi pekee wa nyumba moja na mkazi wa ziada wa nyumba nyingine kwa halmashauri ile ile, kwamba mapunguzo yanarejeshwa yote tangu Oktoba na fedha iliyochukuliwa irudishwe.

Hilda alishukuru. "Leo?"

Bi Thackray akamwachia Bwana Sugden swali hilo, na kwa mara ya kwanza siku ile kijana alionekana yuko kwenye ardhi ngumu. "Kwa kawaida," alisema, "huchukua wiki sita."

"Kuzichukua kulichukua muda gani?"

"Hiyo… ni ya moja kwa moja."

"Basi tutasubiri," Hilda akasema, na wote wanne wakateremka hadi mapokezi ya idara ya mapato, ghorofa ya chini.

Yalikuwa mapokezi mazuri. Zulia, viti laini kumi na viwili, na joto la kuotesha nyanya. Hilda akaketi katikati kabisa, akatandaza leso mapajani, akafungua chupa ya chai na mkate wa nyama baridi. Kina Capstick wakachukua pembe mbili. Norris akavua koti, kisha sweta, kisha sweta nyingine, akawa anaendelea. Nyuma ya kaunta alikaa msichana mwenye hijabu ya kijani na kibandiko kifuani: Rukhsana.

"Naweza kuwasaidia, shangazi?"

"Umeshatusaidia, mwanangu, kuna joto. Tunangoja fedha yetu. Tumeambiwa wiki sita." Hilda akamtazama vizuri. "Hebu ngoja. Shule ya bondeni. Wewe ndiye uliyekuwa ukificha njegere kwenye soksi."

Rukhsana alifunika uso kwa mikono. "Shangazi, tafadhali. Niko kazini."

"Zilikuwa zinaota huko. Haya, watu wangu, huyu ni wa kwetu, jisikieni nyumbani."

Neno hilo, "nyumbani," lilipita kwenye mlango wa kioo na kumfikia mkuu wa idara, ambaye alichungulia, akaona soksi mbili zinafumwa, mkate, mzee anayefungua vifungo vya fulana, akarudi ndani haraka. Simu ya ndani ikalia kwa Rukhsana.

"Anauliza wana nia ya kukaa hadi lini."

"Mwambie sisi wenyewe hatujui. Mwambie aangalie kwenye fomu, huenda tayari tumeandikwa wakazi."

Rukhsana alirudia neno kwa neno, kwa sauti safi ya kiofisi, akiwa ameng'ata shavu kwa ndani. Kisha akainuka akawaletea chai nne, ambazo halmashauri haina bajeti yake.

Haikufika nusu saa. Kwa saa ya ukutani, wiki sita za Halmashauri ya Marbeck zilikuwa dakika ishirini na mbili. Bwana Sugden alishuka na karatasi bado ina joto la mashine, akasema imefanyika, ameibonyeza mwenyewe, mkuu alisimama nyuma yake. Pauni mia mbili na kumi na nne. Ziko benki sasa hivi.

Hilda alisoma karatasi yote, hadi namba za chini. "Nipe simu."

"Samahani?"

"Hiyo ya kaunta. Namba ya muuza makaa naijua kwa kichwa."

Rukhsana alishamsogezea. Muuza makaa, mtu aitwaye Dacre, alikuwa na sauti iliyosikika hadi kwa Norris. Magunia sita? Kwa fedha ipi? Halmashauri imerudisha? Dacre alicheka hadi akakohoa. Miaka arobaini ya biashara, hajawahi kusikia halmashauri imerudisha kitu. Kama imerudisha, basi na iseme yenyewe.

Hilda akanyoosha mkono wenye simu. Bwana Sugden aliitazama kama alivyoitazama ile keki, kisha akaichukua.

"Bwana Dacre? Ndiyo, Sugden, halmashauri… Ndiyo, zimerudishwa… Hapana, si utani, bwana… Ndiyo. Mimi." Akasikiliza. Akaziba simu kwa kiganja. "Anasema kilima kina barafu. Lori haliwezi kupanda hadi Jumatatu, na Jumatatu pia hana uhakika."

Bandani palikuwa na siku tatu, na moja yao ilikuwa inaisha. Hilda alikuwa amesimama anafunga kifungo cha juu cha koti.

"Mwambie alete leo hadi chini ya kilima, pale lami inapoishia, ayamwage chini. Tutayapandisha kwa toroli."

"Nani atayapandisha?" Norris aliuliza, akiwa bado anaitafuta sweta ya kwanza.

"Sote wanne."

Bwana Sugden aliwatazama mmoja mmoja, watu ambao miaka yao kwa jumla ilikaribia mia tatu na ishirini, akaondoa kiganja kwenye simu.

"Wanasema uyamwage chini," akamwambia Dacre, "watayapandisha wenyewe. Ndiyo, bwana. Nimewaona. Mimi ningekuwa wewe ningeyaleta."